MWIMBAJI WA JUKWAANI NAYE NI MFANYAKAZI

Tumekaa kimya siku nyingi juu ya jambo hili, na kimya chetu hakikutokana na kukosa la kusema. Kilitokana na haya. Maana sisi wenyewe tunaoshika kalamu leo tumo katika hesabu ya wakosaji.

Kila mwenye kadi ya chama ajua mkutano wa hadhara unavyoanza. Kabla msemaji hajafika, wapo vijana wanane au kumi waliokwisha panga mstari juani, wamevaa sare walizojishonea kwa fedha zao, wanaimba, wanacheza, wanaigiza kisa cha mlanguzi na mkulima, hata watu wakacheka na kusogea karibu. Hao ndio wanaoukusanya umati. Msemaji akishuka garini huwakuta watu wamekwisha jaa kiwanjani, naye hudhani wamekuja kwa ajili yake. Mkutano ukiisha, msemaji huandaliwa wali kwa nyama nyumbani kwa mwenyekiti, na vijana hupewa soda moja moja na shukrani nyingi. Sisi waandalizi tumefanya hivyo miaka mitatu mfululizo wala hatukuona kosa.

Siku moja lori la kuwarudisha halikuja. Tukakaa nao chini ya mwembe tukingoja, giza likaanza kuingia. Binti mmoja wa kikundi, mwenye umri wa miaka 20, ambaye sauti yake ndiyo inayowatoa watu majumbani, akatuuliza: "Ndugu, hii tunayoifanya ni kazi au si kazi? Kama ni kazi, ujira wake uko wapi? Na kama si kazi, mbona mama akiniita shambani mwamwambia kwamba niko katika kazi ya chama?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema, kama wasemavyo wakubwa wote wasio na jibu, kwamba jambo hilo litazungumzwa. Wakatembea kwa miguu maili saba usiku ule.

Baada ya wiki mbili baba yake akatujia, kwa heshima, akituita "mwalimu" ingawa ni mkubwa kwetu kwa miaka 30, kwa kuwa ajua kuwa tulipita chuo cha ualimu. Ombi lake lilikuwa moja: tumshike mkono binti yake tumpeleke chuoni kama tulivyokwenda sisi, ili aiache ndoto yake ya kutaka kuishi kwa kuimba, kucheza na kuigiza. "Mwalimu, mweleze mwenzio," alisema. "Ngoma haijengi nyumba."

Basi makala hii ni jibu letu kwa mzee yule na kwa binti yake pia, na kwa kila tawi lenye kikundi.

Wako wasemao kwamba michezo ya jukwaani ni starehe, na wengine husema wazi kwamba ni uhuni, hasa kwa mwanamke. Neno hili ni la kale. Mkoloni alitudharaulia ngoma zetu, na sisi tulipotoka shuleni tulitoka na dharau ile ile mfukoni. Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Jamhuri kuanza, alipowaambia Wabunge kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha lakini hawakuijua gombe sugu wala lelemama. Na siku hiyo hiyo akatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kikundi cha Taifa cha ngoma kikaundwa, baadaye sarakasi ikaongezwa, kisha maigizo. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Na wazee wetu wa vyama vya wafanyakazi walikuwa na akili kubwa: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na mpiga gitaa wake alikuwa mwajiriwa kama karani. Hapakuwa na mtu aliyemwuliza mpiga gitaa yule kazi yake halisi ni ipi.

Kwa hiyo fikira ya kumlipa msanii mshahara haikutoka ng'ambo. Tulikuwa nayo, tukaiacha idondoke.

Lakini binti huyu hataki kupiga gitaa. Anataka mchezo mzima: kisa chenye mwanzo na mwisho, ambamo maneno yakifika mahali hayatoshi, mtu huimba, na wimbo usipotosha, hucheza. Sanaa hii Waafrika wa Kusini wameifanya kazi ya kulea watoto, tena katika shida ambazo sisi hatukuziona, na yafaa tuitazame njia yao vizuri, pamoja na miiba yake.

Tarehe 2 Februari 1959, katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ulifunguliwa mchezo wa nyimbo uitwao King Kong. Kisa chake ni cha kweli, cha bondia Ezekiel Dlamini, aliyepanda juu kwa ngumi zake akaanguka vibaya. Muziki ulitungwa na Todd Matshikiza. Na mzee wetu asikie hapa: Matshikiza naye alikuwa mwalimu! Alipata cheti chake Lovedale akafundisha huko huko, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti na muziki. Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers aliigiza bondia, na Miriam Makeba aliigiza Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Mchezo ulifanyiwa chuoni kwa sababu majumba ya mjini hayakuruhusu mweusi na mweupe kuketi pamoja. Nyuma yake kilikuwapo chama cha wasanii chenye makao Dorkay House, kilichoanzishwa ili mwimbaji Mwafrika asiibiwe jasho lake.

Mwaka 1961 mchezo ukavuka bahari hadi London. Makeba hakuwamo, kwa kuwa alikwisha ondoka mwaka 1959, na mwaka 1960 alipotaka kurudi kumzika mama yake akakuta paspoti yake imefutwa. Peggy Phango akaichukua nafasi yake. Mchezo ulipomalizika, wengi wa kundi lile hawakurudi kwao. Walichagua ugenini, wakaanza upya katika nchi ambayo haikuwa na michezo mingi ya kumpa mtu mweusi. Matshikiza mwenyewe alikufa Lusaka mwaka 1968, hakuuona uhuru wa nchi yake.

Twalitaja hili kwa sababu vijana wetu wakisikia habari za London na New York huona taa tu. Kila taa ile ina nauli yake.

Waliobaki nyumbani walifanyaje? Hapa ndipo penye somo kubwa zaidi kwetu, maana hali ya miji ya Waafrika ya wakati ule yafanana sana na hali ya viwanja vyetu. Alikuwako Bwana Gibson Kente, aliyezaliwa mwaka 1932. Alitunga mchezo wa Manana mwaka 1963, kisha Sikalo, kisha Lifa, na mingine mingi. Alikuwa mtunzi wa kisa, mtunzi wa nyimbo, mwongozaji, mfundishaji wa kucheza, na mlipaji mishahara. Mazoezi aliyafanya nyumbani kwake Soweto, katika banda la gari. Makundi yake yalikwenda kwa mabasi kutoka mji hadi mji, yakacheza katika kumbi za jumuiya zisizo na taa nzuri wala vikuza sauti, ndiyo sababu waigizaji wake walijifunza kuimba kwa kifua na kuonyesha kwa mkono mzima, hata aliyekaa mlangoni aone. Watu walilipa kiingilio kidogo, lakini walikuwa wengi, na kutokana na viingilio vile kampuni iliishi. Serikali ya Makaburu haikumpa kitu. Ilimpa jela mwaka 1976, alipokuwa akitengeneza filamu ya mchezo wake wa How Long?.

Banda lile la gari lilikuwa chuo. Mbongeni Ngema na Percy Mtwa walikutana katika kampuni ya Kente, wakiwa waigizaji wa mshahara, wakatoka humo kwenda kutunga Woza Albert! pamoja na Barney Simon, mchezo uliofunguliwa mwaka 1981 katika Market Theatre, jumba ambalo zamani lilikuwa soko la matunda. Ngema akaendelea. Mwaka 1987, katika jumba lile lile, akaonyesha Sarafina!, kisa cha wanafunzi wa Soweto na msiba wa Juni 1976, kwa muziki alioutunga pamoja na Hugh Masekela. Binti aliyeshika nafasi ya Sarafina ni Leleti Khumalo wa KwaMashu, karibu na Durban, ambaye alianza katika kikundi cha uani kiitwacho Amajika, kilichoongozwa na Tu Nokwe. Kikundi cha uani! Januari 1988 mchezo ukaingia Broadway, ukachezwa mara 597, na Leleti, akiwa hajatimiza miaka 20, akapendekezwa kwa tuzo ya Tony.

Mzee wetu atasema: huyo ni mmoja katika maelfu. Ni kweli, wala hatumdanganyi. Lakini tazama waliomzunguka. Mchezo mmoja wa namna ile walisha waigizaji zaidi ya 20, wapiga muziki, fundi wa taa, mshona nguo, mkata tikiti na dereva. Si kila mmoja anaitwa Leleti, kama si kila mwalimu anavyokuwa mkuu wa shule.

Sasa kwa binti mwenyewe. Tumesoma na tumeuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata juu ya kazi aitakayo, bila kumtia asali.

Ni kazi ya mwili. Katika majumba makubwa ya New York na London desturi ni michezo minane kwa wiki, yaani siku mbili katika wiki mtu hucheza mara mbili. Mchezo wa The Lion King ulifunguliwa Broadway tarehe 13 Novemba 1997, ambamo Lebo M wa Soweto alileta kwaya ya Kiafrika na ambamo majina ya Simba na Rafiki yametoka katika lugha yetu (nayo kampuni yenye mchezo huo ikaandikisha maneno "hakuna matata" huko Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara juu ya nguo, nasi tukakaa tukishangilia). Anayeimba humo leo lazima aimbe vile vile kesho na keshokutwa, mafua au hakuna mafua. Kwa hiyo huilinda sauti kama mkulima alindavyo mbegu: hulala mapema, hunywa maji, hapigi kelele ovyo, huianza siku kwa kuichochea sauti polepole kabla ya kuimba kwa nguvu. Sisi tumemwimbisha binti huyu masaa matatu juani bila maji, kisha tukamsifu kwamba amekauka koo kwa ajili ya taifa!

Ni kazi ya kujifunza mambo matatu, wala moja halitoshi. Waimbaji wazuri tunao kila kanisa na kila kikundi cha taarabu. Wacheza ngoma tunao. Waigizaji wa kuchekesha ndio usiseme. Aliye adimu ni yule awezaye kuimba huku anaruka, pumzi isikatike, na uso ukaendelea kusema kisa. Hilo halipatikani kwa kipaji tu, lapatikana kwa mwalimu na kwa miaka. Vikundi vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980, kama Muungano, na TOT tangu mwaka 1992, vilikaribia sana jambo hili, kwa sababu katika onyesho moja la usiku palikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu, na msanii mmoja aliweza kuonekana katika matatu ya hayo. Kilichokosekana ni kuviunganisha vyote katika kisa kimoja. Twaona hasara kubwa kwamba shule ile ya ukumbini imepungua nguvu na vijana wameachiwa simu ya mkononi iwe ndiyo jukwaa lao.

Ni kazi ya kukataliwa. Mtu huitwa kujaribiwa, husimama mbele ya watu watatu walioketi mezani, huimba ubeti mmoja au miwili, huambiwa ahsante, na huo ndio mwisho. Aliyefanikiwa amekwisha ambiwa ahsante mara nyingi sana. Binti asidhani kwamba kukataliwa ni hukumu juu ya utu wake. Na asione aibu kuanza kama mbadala, yule ajifunzaye nafasi ya mwenzake ili mwenzake akiugua mchezo usivunjike. Aliyejua nafasi tatu hakosi mkate.

Tena ni kazi ya mkataba, na juu ya hili tutasema zaidi, maana ndipo jasho la Mwafrika lilipomwagika bure.

Wasomaji wengi wauimba wimbo wa simba alalaye msituni bila kujua kwamba ulianzia kwa Solomon Linda, Mzulu, aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939 kwa jina la Mbube. Alipewa shilingi 10. Wimbo ukaizunguka dunia, ukaingia hata katika filamu ya The Lion King, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata haki mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Miaka 44 baada ya kumzika baba yao.

Wala Wazungu wenyewe hawakupewa haki yao kwa hisani. Kabla ya mwaka 1919 mwigizaji wa Marekani alifanya mazoezi wiki kadhaa bila malipo, mara nyingi akajinunulia nguo za jukwaani, na kampuni ikifilisika safarini aliachwa mji wa mbali bila nauli ya kurudi. Wana kikundi wetu waliotembea maili saba wataielewa habari hii. Agosti 1919 chama chao, Actors' Equity, kikagoma. Wasichana wa kwaya, waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko wote, wakaunda chama chao ndani ya mgomo ule, mwenyekiti wao Marie Dressler. Majumba yalifungwa mwezi mzima, wenye mali wakasalimu amri. Mkataba wa mwigizaji unaotajwa leo kwa sifa kubwa ulizaliwa barabarani, miongoni mwa watu wenye njaa.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inayomtambua mwonyeshaji pia, si mtunzi peke yake. Ni matawi mangapi yenye vikundi yameisoma? Letu halikuisoma hadi mwezi uliopita.

Wako ndugu watakaoruka na kusema: basi Serikali itoe fedha, yatosha. Twawaomba wasiruke haraka. Afrika ya Kusini huru ilitoa fungu la zaidi ya Randi milioni 14 mwaka 1995 kwa mchezo wa Sarafina II, uliokusudiwa kuwafundisha watu habari za UKIMWI, na mtunzi alikuwa Ngema yule yule. Utaratibu wa zabuni na hesabu haukufuatwa, ukaguzi wa mwaka 1996 ukatoa lawama kali, mchezo ukasimamishwa. Fedha nyingi zilizotolewa kwa mkupuo mmoja kwa mtu mmoja hazikumjengea mwimbaji wa kawaida kazi ya kudumu. Kente na banda lake, kwa viingilio vya maskini, alilea waigizaji wengi zaidi. Twasema Serikali isaidie kumbi, isaidie walimu wa Bagamoyo na wa shule, lakini mshahara wa kila mwezi utoke katika onyesho lenye tikiti, mweka hazina na daftari lililo wazi.

Mzee wetu, tumekuja kwako Jumapili iliyopita tukasema haya mbele ya chai yako, nawe ukasikiliza mpaka mwisho. Hatukukuahidi kwamba binti atakuwa tajiri. Ualimu una pensheni na jukwaa halina, nawe ulikuwa na haki ya kuliuliza hilo mara tatu. Tulikubaliana hivi: aombe nafasi Bagamoyo, na akikosa mwaka huu aende chuo cha ualimu akiwa na nia ya kuomba tena, kwa maana mwalimu ajuaye kuongoza mchezo hatalala njaa, na Matshikiza ni shahidi. Mama yake alisema jambo moja tu, kwamba asipande tena lori la usiku na watu asiowajua. Tuliona aibu, maana lori lile tuliliagiza sisi.

Kamati ya tawi inakutana tarehe 14. Tumeandika mapendekezo, nayo ni mafupi: kila onyesho la mkutano lilipwe ujira uliotajwa kabla, kwa karatasi iliyotiwa sahihi; chakula na maji viwe kabla ya kuimba; nauli ya kurudi wakabidhiwe asubuhi, wasiingoje jioni; na mara moja kwa mwezi kikundi kicheze mchezo wake wenyewe katika ukumbi wa tawi kwa kiingilio, bila hotuba ya mtu yeyote, na mapato yagawanywe mbele ya wote. Mjumbe mmoja amekwisha tuambia kwamba tunawafundisha vijana kudai. Tumemjibu kwamba atakapokuja kwenye kikao aje bila posho yake, na tutamsikiliza.